Mashahidi wa Usiku Tisa

Mtu akionyeshwa picha nzuri ya nyota, swali lake la kwanza huwa hili: "Hii ni ya kweli?" Swali hilo tumeulizwa na jirani, tumeulizwa na wanachama wenzetu, na tumeulizwa na bibi aliyeko Pemba, kila mmoja kwa namna yake. Ni swali la haki. Picha tuliyoibandika kwenye ubao wa chama haikupatikana kwa kubonyeza kamera mara moja. Imetokana na picha 1,800 zilizopigwa kwa usiku tisa, na hakuna jicho la binadamu lililowahi kuona kitu kama kile juu ya West Bay. Katika makala hii tunaeleza jinsi ilivyotengenezwa, kwa nini tunaamini kwamba ni ya kweli, na ni wapi ambapo ingegeuka kuwa uongo. Mpaka huo ulitugombanisha kwa wiki nzima.

Sisi ni watatu. Wawili ni ndugu wa tumbo moja na asili yao ni Pemba. Wa tatu asili yake ni Mombasa. Tunaishi jengo moja, na roshani tuliyoitumia iko orofa ya 19, ikitazama kusini mashariki, upande wa ghuba.

Kwanza tuseme tulipiga nini. Usiku wa Desemba, ukitazama mashariki baada ya Isha, utaona nyota tatu zilizopangana kwa mstari, zimesimama karibu wima. Huo ni mkanda wa Jabari, kundinyota ambalo Waarabu huliita al-Jabbar, na jina letu limetoka kwao. Kando ya mkanda kuna upanga wake, na katikati ya upanga kuna kitu ambacho si nyota. Ni wingu kubwa la gesi na vumbi ambamo nyota mpya zinazaliwa. Wanaastronomia huliita Nebula ya Jabari, au M42 kwa namba yake katika orodha ya Messier. Liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300, na upana wake angani ni kama digrii moja, yaani mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Ni kubwa, basi. Lakini ni hafifu, na mji umeifunika kwa taa.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo lilitufurahisha tulipofungua ramani ya anga. Nebula hii iko digrii 5 na kidogo kusini mwa ikweta ya anga. Kusini mwa Pemba nako ni digrii 5 na kidogo kusini mwa ikweta ya dunia. Maana yake ni kwamba upanga wa Jabari hupita utosini kwa mtu aliyesimama Mkoani. Kilimia nacho kiko digrii 24 kaskazini mwa ikweta ya anga, na Doha ni digrii 25, kwa hiyo Kilimia hupita karibu utosini petu. Wazee wa pwani walihesabia misimu ya kulima kwa nyota hizo, na kulima kumo ndani ya jina lenyewe. Basi bibi ana nebula yetu juu ya paa lake, nasi tuna Kilimia chake juu ya letu. Tofauti ni kwamba yeye akitoka uani anaona. Sisi dari ya roshani inatuziba, na hata tukishuka barabarani taa zinakimeza.

Wasomaji walioko Doha wanajua taa hizo. West Bay ni minara ya vioo iliyosongamana kwenye kipande kidogo cha pwani, na mingi huwaka kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mengine ni maonyesho ya rangi yanayobadilika kila baada ya sekunde chache. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa atlasi ya dunia nzima inayoonyesha jinsi taa zinavyong'arisha anga la usiku, na Qatar ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo watu wake wanaishi chini ya anga lenye mwanga mwingi kupita kiasi, pamoja na Singapore na Kuwait. Wapigapicha hutumia kipimo cha Bortle, kilichotolewa mwaka 2001, chenye madaraja 9. Daraja la 1 ni giza la jangwa la mbali. Daraja la 9 ni katikati ya mji mkubwa. Tulipo sisi ni huko mwisho.

Kwa nini basi usiku tisa? Sababu ya kwanza ni roshani. Kwa chini, jengo la jirani linaziba anga mpaka Jabari afike kama digrii 25 juu ya upeo. Kwa juu, dari inamficha akishapita digrii 50. Kati ya hapo tunabaki na saa mbili hivi. Tarehe 9 Desemba nafasi hiyo ilianza saa mbili na dakika kumi usiku. Kwa kuwa nyota huchomoza mapema kwa takriban dakika nne kila siku, kufikia tarehe 23 ilianza saa moja na dakika kumi. Kabla ya tarehe hizo na baada yake kulikuwa na mwezi jioni, na mwezi ni taa nyingine. Asiyeweza kupata saa 18 kwa mpigo huzichanga saa mbilimbili.

Sababu ya pili ni chenga. Neno hili tulilipata kwa mama, aliyekuwa akilitumia kwa televisheni ya zamani: picha ina chenga. Mwanga huja kwa chembe, moja baada ya nyingine, kama matone ya mvua juu ya bati, na chembe hizo hazifiki kwa mpangilio. Sekunde hii pikseli moja inapokea nyingi, sekunde inayofuata inapokea chache. Kwenye picha moja ya kitu hafifu, kupanda na kushuka huko kunakuwa kukubwa kuliko kitu chenyewe, na macho yanaona vumbi tu. Lakini chenga zina tabia moja inayotusaidia: hazikubaliani. Katika picha ya kwanza zimeangukia hapa, katika ya pili zimeangukia pale. Nebula yenyewe iko mahali palepale kila mara. Ukizirundika picha juu kwa juu, nyota juu ya nyota yake, kisha ukatafuta wastani, chenga zinakatana zenyewe kwa zenyewe na nebula inabaki.

Hesabu yake ni ya kipeuo cha pili. Picha 4 hupunguza chenga mpaka nusu. Picha 100 huzipunguza mara 10. Sisi tulibaki na picha 1,200 za muda mrefu, na kipeuo cha pili cha 1,200 ni karibu 35. Angalieni jinsi hesabu hii ilivyo bahili. Ili kuongeza ubora mara mbili, unahitaji picha mara nne. Usiku wa kwanza ulitupa furaha kubwa kuliko usiku wote uliofuata, kwa sababu tuliona wingu likijitokeza pale ambapo hapakuwa na kitu. Kuanzia usiku wa sita tulikuwa tukilisubiri badiliko ambalo jirani asingeligundua.

Sasa tuje kwenye eksposha, yaani muda ambao kamera inaachwa ipokee mwanga kwa picha moja. Nebula ya Jabari inajulikana kwa ugumu huu: moyo wake unang'aa sana na mabawa yake ni hafifu sana. Moyoni mna nyota nne changa, zinazoitwa Trapezium, ambazo ndizo zinazoliwasha wingu lote. Ukiiacha kamera sekunde 20, mabawa yanaanza kuonekana, lakini moyo unajaa pomoni na kuwa doa jeupe. Pikseli iliyojaa ni kama ndoo iliyofurika: huwezi kujua ni maji kiasi gani yalimwagika. Hakuna programu inayoweza kuyarudisha, na kurundika picha 1,000 zenye doa jeupe kunakupa doa jeupe lililo safi. Dawa ni kupiga tena kwa muda mfupi. Kwa hiyo kila usiku tulianza na picha za sekunde 20, na tukaziachia dakika za mwisho picha za sekunde 4 na za sekunde 1. Hatimaye tulibaki na 1,200 za sekunde 20, ambazo ni saa sita na dakika 40 za mwanga; 300 za sekunde 4, ambazo ni dakika 20; na 300 za sekunde 1, ambazo ni dakika 5 tu. Dakika hizo 5 ndizo zilizotuonyesha moyo.

Kila kundi la eksposha tulilirundika peke yake kwanza. Kisha tukapata picha tatu safi: moja yenye mabawa na moyo uliofurika, moja ya katikati, na moja yenye moyo mzuri na mabawa yasiyoonekana. Ya mwisho ilikuwa kuziunganisha: pale ambapo picha ndefu imefurika, chukua ya katikati, na pale ambapo ya katikati nayo imefurika, chukua fupi. Tulitumia programu mbili zisizolipiwa, DeepSkyStacker na Siril. Jambo muhimu ni kuzilinganisha kwanza ili picha ya sekunde 1 ihesabike kama sehemu moja ya ishirini ya mwanga wa ile ndefu, na mpito kati yao uwe wa polepole. Ukiukata ghafla unapata pete inayozunguka moyo, na pete hiyo haiko angani.

Kila usiku pia una vifaa vyake vya kuusahihisha. Kihisi cha kamera kinapopata joto hutoa alama zake chenyewe, kwa hiyo tulipiga picha za giza: kifuniko kimefungwa kwenye lenzi, muda uleule, joto lilelile. Lenzi nayo hufifisha pembe za picha, na vumbi huacha madoa, kwa hiyo tulipiga picha za weupe kwa kufunika lenzi na kitambaa cha kanzu mbele ya mwanga uliotulia. Picha za weupe za Jumanne haziwezi kusahihisha picha za Alhamisi ikiwa kamera imegeuzwa au vumbi limehama, ndiyo maana programu huruhusu kila usiku uwe kundi lake. Stendi tuliiazima: ni ile inayozunguka pamoja na anga ili nyota zisivutike kuwa mistari. Huelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo kwa roshani yetu iko nyuma ya ukuta. Tuliielekeza kwa dira na kwa kuiinamisha digrii 25, latitudo ya Doha, na kwa sekunde 20 ilitosha.

Hapo ndipo wazo la mashahidi lilipotuingia. Kabla ya kutafuta wastani, programu inaangalia pikseli moja katika picha zote 1,200 na kuuliza: mnasemaje? Kama picha 1,199 zinasema giza, na moja inasema mwanga mkali, hiyo moja inawekwa kando kwa pikseli hiyo. Ndege zinazotua uwanja wa Hamad, ng'ambo ya ghuba, zilichora mistari kwenye picha zetu kila usiku. Setilaiti nazo zilipita. Hakuna hata moja iliyobaki, kwa sababu kila ndege ina shahidi mmoja au wawili, na nebula ina mashahidi wote. Hatukuifuta kwa mkono, na hatukuchagua tunachokipenda. Sheria ilikuwa moja kwa pikseli zote.

Kuna usiku mzima uliotupwa. Tarehe 18 Desemba ni Siku ya Taifa ya Qatar. Minara ilivaa rangi ya bendera, na fataki zilipanda juu ya Corniche. Tulipiga kamera ikiwa kazini na sisi tukiwa tumeegemea ukingo wa roshani kama watu wengine, tukishangilia. Usiku ule ulikuwa mzuri, lakini si kwa nebula. Programu ilipopima anga lake, ikalipa uzito mdogo mno kiasi kwamba tukauondoa kabisa. Ndiyo maana tunasema usiku tisa ingawa tulikesha kumi.

Je, kwa njia hii mtu anaweza kuushinda mji? Hapana, na hili ni muhimu kulisema. Mwanga wa taa unaweza kuondolewa kwa hesabu: unapima jinsi anga linavyong'aa kutoka pembe hadi pembe, kisha unatoa. Lakini kinachotoka ni wastani wake tu. Chenga zilizoletwa na taa zinabaki, kwa sababu hazina mpangilio wa kuutoa. Anga la mji mkubwa linaweza kung'aa mara 40 kuliko anga la giza kamili, na kwa kitu hafifu, anga linalong'aa mara 40 linadai muda mara 40. Dakika zetu 400, kwa makadirio hayo, ni sawa na dakika 10 za mtu aliye mahali penye giza kamili. Tuliposoma hesabu hiyo tulinyamaza kidogo. Usiku tisa wa kuamka na kulala, mitihani ikiwa mezani, kwa dakika 10 za mwenzetu. Na mabawa ya nje kabisa ya nebula, yale yanayoonekana kwenye picha za jangwani, kwetu hayakutokea. Hayakuwa na mashahidi wa kutosha.

Kurundika si ujanja wa watoto wa mjini peke yao. Mwaka 1880 Henry Draper alipoipiga nebula hii picha kwa mara ya kwanza, huko Marekani, aliacha mwanga uingie kwa dakika 51 kwenye bamba moja. Desemba 1995 darubini ya Hubble ilielekezwa mahali padogo palipoonekana patupu, kwa siku 10 mfululizo, ikapiga picha 342, na zilipounganishwa zikatoa galaksi zipatazo 3,000. Hapa kwetu pia kuna mfano. Wanasayansi wakiongozwa na Khalid Alsubai wa Qatar walitangaza mwaka 2010 sayari inayoitwa Qatar-1b, ambayo huizunguka nyota yake kila baada ya siku 1.42. Ilijulikana kwa kuwa mwanga wa nyota hiyo hupungua kidogo kila sayari inapopita mbele yake. Kupungua kwa usiku mmoja kungeweza kuwa wingu. Kupungua kwa usiku mwingi, kwa ratiba moja, ni sayari. Na kamera zilizoigundua hazikuwa Doha. Zilikuwa jimbo la New Mexico, kwenye anga la jangwani.

Sasa ugomvi wetu. Mabadiliko ya mwisho yalipokamilika, mmoja wetu aliitazama picha akasema ukweli: ni nzuri, lakini mtu akiiona ubaoni hatajua kwamba ni ya West Bay. Ingeweza kuwa ya popote. Akapendekeza tuchukue picha ya minara tuliyonayo, tuweke juu yake nebula yetu, kubwa, ikijaza nusu ya anga, na kwa kuwa mabawa yetu ni mafupi, tuongeze mabawa kutoka picha aliyoipiga jangwani majira yaliyopita. Alikuwa na hoja. Picha zote ni zetu. Nebula ni ileile. Na tayari tumeshaunganisha 1,800; 1,801 itadhuru nini?

Hoja hiyo ina historia. Katika miaka ya 1850, Gustave Le Gray wa Ufaransa alikuwa akipiga picha za bahari. Kemikali za wakati ule hazikuweza kupokea bahari na mbingu kwa eksposha moja: bahari ikitoka vizuri, mbingu inafurika. Akapiga moja kwa ajili ya maji na moja kwa ajili ya mawingu, akaziunganisha kwenye karatasi moja. Mpaka hapo ni sisi na moyo wetu wa sekunde 1. Lakini mawingu aliyoyapenda aliyatumia tena juu ya bahari nyingine. Watazamaji walistaajabu, na sisi pia tunastaajabu. Ila bahari ile na mawingu yale hayakukutana.

Tulibishana siku tatu. Wa Mombasa akasema picha ni picha, si hati ya mahakama. Ndugu mmoja akasema basi tusiite ya West Bay. Mwingine akasema tukisema si ya West Bay, usiku tisa ulikuwa wa nini? Ndipo bibi alipopiga simu. Ni bibi wa wawili kati yetu, lakini sote watatu tunamwita bibi. Tulimwamkia shikamoo, tukamtumia picha, tukangoja mjukuu wake wa huko amshikie simu aione.

"Hii mmeiona kwa macho yenu?" akauliza.

Tukamwambia hapana, bibi, macho hayawezi. Kamera imeona kidogo kidogo kwa usiku tisa, nasi tumejumlisha. Tukamweleza pia kwamba mmoja wetu anataka kuongeza na ya jangwani, na kuiweka juu ya majengo.

Akafikiri. Kisha akasema: "Mwezi ukiandama, si kila mtu auona. Mmoja auona, wengine waufuata. Lakini aliyeuona husema kauonea wapi, na usiku gani, na nani alikuwa naye. Asiposema, hatumfuati."

Hakusema zaidi. Akatuuliza kama tunakula.

Kila aliyekulia katika nyumba ya Waswahili anajua habari za kuandama kwa mwezi, na simu zinazopigwa usiku kuulizana umeonekana wapi. Tulizijua tangu utotoni, ila hatukuwahi kuziweka karibu na kamera. Bibi hakutukataza kuunganisha. Kuunganisha ushahidi ni jambo la kawaida, na ni bora kuliko kumtegemea mtu mmoja. Alichotaka ni kila shahidi aseme alikuwa wapi. Picha 1,800 zilikuwa roshani moja, zikitazama upande mmoja, na kila moja iliruhusiwa kusema ilichokiona tu. Picha ya jangwani ni shahidi mkweli wa jangwa. Tukiileta iseme juu ya West Bay tunaigeuza kuwa shahidi wa uongo, ingawa kila chembe yake ya mwanga ni ya kweli. Na nebula kubwa kupita mnara ni uongo wa aina nyingine, kwa kuwa upana wake wa kweli ni digrii moja: ukinyoosha mkono, kidole gumba kinaufunika.

Ng'ambo ya ghuba, mkabala na roshani yetu, kuna Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kiislamu, na humo kuna nakala ya kale ya kitabu cha nyota cha Abd al-Rahman al-Sufi, aliyekiandika mwaka 964 hivi. Al-Sufi alizirithi nyota zake kutoka orodha ya Ptolemy, iliyokuwa na umri wa miaka 800 alipoipokea. Hakuinakili tu. Alizikagua kwa macho yake, na pale alichokiona yeye kilipotofautiana na cha Ptolemy, alisema. Huo nao ni usiku mwingi uliounganishwa, wa watu wawili walioachana kwa karne nane, na kila mmoja amebaki na jina lake.

Wanachama watatuuliza haya yana uhusiano gani na Kiswahili. Tutajibu kwa ufupi. Mradi mzima tuliufanya kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo ahadi ya chama, na mara nyingi neno lilitukwama. Shuleni tulisoma sayansi kwa Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili chetu ni cha jikoni, cha simu za usiku, cha harusi na misiba. Chenga tulipewa na mama. Kurundika tulipewa na baba, aliyewahi kurundika magunia ya karafuu. Kundinyota tulilikuta kwenye kamusi, utosini tulipewa na bibi, na eksposha tuliitohoa wenyewe kwa kukosa jingine. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa na lugha ya kutosha peke yake. Walimu wetu wakiona neno bora kuliko haya, tunaomba watuandikie.

Hatimaye ubaoni tuliweka picha mbili bega kwa bega: nebula peke yake, na minara peke yake. Aliyependekeza mchanganyiko ndiye aliyeandika maelezo ya chini, na hatukubadilisha hata neno:

"Nebula ya Jabari, kushoto. Imepigwa na watu watatu kutoka roshani ya orofa ya 19, West Bay, Doha, usiku tisa kati ya tarehe 9 na 23 Desemba, baada ya Isha. Picha 1,200 za sekunde 20, 300 za sekunde 4, 300 za sekunde 1. Mwanga wa mji umeondolewa kwa hesabu; chenga zake zimebaki. Palipo peusi pembeni si patupu, ila kutoka hapa hatukupaona. Minara, kulia, imepigwa mara moja."

Nakala ya nebula tumeichapisha na kumpa msafiri aipeleke Pemba. Nyuma yake tumeandika maneno hayohayo kwa herufi kubwa, kwa ajili ya macho ya bibi.